Ufunguo wa Robo Tatu

Tarehe 2 Machi

Nina miaka themanini na moja. Nimeishi kupita mke wangu, ndugu zangu wote, na kila fundi kufuli aliyewahi kufungua duka katika mji huu akitaka kunipokonya wateja. Kuna milango niliyoitia vitasa ambayo leo haipo, nyumba zake hazipo, na hata waliokuwa wakibisha hodi hawapo. Mimi nipo. Jiliwa langu la kubania chuma lipo, tupa yangu ya kwanza ipo, na meno ya mbele yapo.

Tangu nianze kazi hakuna kufuli lililonishinda. Naliandika hili mwanzoni ili anayesoma ajue anasoma habari za nani.

Kuandika si fani yangu. Herufi nilijifunzia kwenye chuma, kwa kugonga majina ya watu kwenye funguo zao, ndiyo maana naandika kubwa na karatasi inatoboka. Daftari hili nimepewa na mjukuu wangu. Alisema, "Babu, kila jioni unatusimulia yale yale. Andika basi, tupumue." Nimekubali. Nitaandika, naye atasoma yote.

Huyu mjukuu tunamwita Betri kwa sababu haishiwi chaji. Anamalizia masomo ya kompyuta chuoni. Ameshika nusu ya meza yangu ya kazi, kompyuta yake imekaa pale zilipokuwa tupa zangu ndogo. Mama yake ndiye binti yangu, mtoto pekee niliyebakiwa naye. Anafundisha darasa la kwanza. Nyumba ni yangu lakini mwenye nyumba ni yeye.

Tarehe 3 Machi

Mvua ya kwanza. Nimetengeneza kitasa cha jirani. Kiliharibiwa na fundi mwingine.

Tarehe 7 Machi

Leo nitaandika mengi, hata mkono ukiniuma.

Alikuja mwanamke anayepiga picha za mionzi pale zahanati. Mji mzima tunamwita Mama Eksirei. Alikaa sebuleni, akakataa chai mara mbili, akaikubali ya tatu. Nikajua kuna jambo.

Binti yangu ana uvimbe. Uko mahali ambapo baba hapataji, na sitapataja. Muuguzi ameushika na hakuupenda. Inatakiwa picha, na picha isomwe na daktari bingwa ambaye yuko ng'ambo ya mto, mji mwingine kabisa. Mvua ikishika, daraja linafunikwa, hakuna kwenda wala kurudi. Picha lakini hupita hewani.

"Ni kitu cha dakika chache tu, mwalimu," Mama Eksirei akasema.

"Sipigwi," binti yangu akasema.

"Mwalimu."

"Nimesema sipigwi. Wewe mwenyewe unajua kwa nini."

Sote tulijua kwa nini. Mwaka jana jirani yetu mshona nguo alipigwa picha pale pale, za mahali pale pale. Kabla wiki haijaisha zilikuwa kwenye simu za vijana wa kituo cha mafuta. Yule mama sasa anashonea ndani, dirisha limefungwa.

"Nina watoto hamsini darasani," binti yangu akasema. "Wana kaka, wana wajomba, wana simu. Nikisimama ubaoni mnataka niwe nawaza nini?"

Betri alikuwa mlangoni. Akasema, "Mama, ndicho ninachotengeneza. Kufuli la picha. Inafungwa kabla haijatoka zahanati, inafunguliwa kwa daktari tu. Katikati hapo anayeiiba anaona mchanga mtupu."

"Kufuli," binti yangu akasema, akanitazama mimi. "Haya. Baba huyu anajisifu kutwa kwamba hakuna kufuli lililomshinda. Mpe kufuli lako. Siku atakaposhindwa yeye, mimi nakwenda. Na asijifanye kushindwa. Nafundisha darasa la kwanza, uongo naunusa tangu getini."

Mama Eksirei akaweka kikombe chini. Hakuna aliyecheka.

Nimekaa hapa sasa na kalamu, na kwa mara ya kwanza maishani naomba nishindwe. Ila nimemwahidi kwamba nitajaribu kwa nguvu zangu zote, na mimi ahadi sivunji.

Tarehe 12 Machi

Siwezi kuvunja nisichokijua. Nimemwambia Betri anieleze kama anavyomweleza mtu mwenye akili.

Picha ndani ya kompyuta ni nukta nyingi, kila nukta ina namba inayosema ni nyeusi kiasi gani. Kuifunga kuna mambo mawili: unazihamisha nukta kutoka mahali pake, kisha unazipaka rangi nyingine juu yake. Uhamishe vipi na upake rangi gani, ndiyo siri.

"Chukua namba iliyo kati ya sifuri na moja," akasema. "Izidishe kwa kile kilichobaki kufika moja. Halafu zidisha kwa nne. Unapata namba nyingine, nayo bado iko kati ya sifuri na moja. Ifanye hivyo hivyo. Tena na tena."

"Halafu?"

"Halafu inaruka ruka, Babu, hakuna anayeweza kusema itatua wapi. Inaitwa hesabu ya vurugu. Hata ukianza na namba mbili zinazofanana kama pacha, hatua chache tu kila moja imeshika njia yake na hazijuani tena."

"Kama tupa," nikasema. "Ukikwangua unywele mmoja kupita kiasi, ufunguo hauzunguki."

"Kama tupa, ila hapa unywele mmoja unakupeleka nyumba nyingine kabisa."

Namba ya kuanzia ni ufunguo mama. Mama huyu anazaa funguo watoto: huyu wa kuhamisha nukta, huyu wa kupaka rangi, na wadogo zao wa raundi ya pili na ya tatu. Betri anasema vurugu zipo tayari, waliovumbua walishavumbua. Kazi yake ya kumaliza chuo ni huo uzazi: mama azae watoto gani, kwa mpangilio gani, na mtoto akikamatwa na mwizi asimtaje mama yake.

Nikamwambia huo ni ukoo. Akaandika neno hilo kwenye kompyuta. Nimeliona kwa macho yangu.

Tarehe 13 Machi

Mvua. Hakuna mteja.

Tarehe 18 Machi

Nimevunja.

Lakini nitasema ukweli wote, maana daftari hili litasomwa. Kompyuta siiwezi. Vidole vyangu vimezoea chuma, nikigusa herufi moja zinaingia nne. Nilihitaji mikono ya mtu mwingine, na mtu mwenyewe alikuwa mmoja tu mtaani, fundi simu wa kibanda cha ng'ambo ya barabara, ambaye nimekuwa nikimwita mwizi tangu mwaka jana. Picha za mshona nguo zilitoka wapi kama si kwa mtu anayeshika simu za watu kutwa nzima?

Nilikwenda shingo upande. Nikamkuta ameinamia simu iliyolowa maji, kibano mkononi.

"Mzee," akasema bila kuinua kichwa, "leo umekuja kuniita mwizi ndani au nje?"

"Nimekuja kukupa kazi."

"Ya wizi?"

"Ya wizi."

Hapo akainua kichwa. Nikamweleza yote isipokuwa mahali nisipopataja. Akasikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono.

"Zile picha za mama mshonaji," akasema, "zahanati waliuza simu yao kuukuu bila kuifuta. Ililetwa kwangu na aliyeinunua. Mimi ndiye niliyekwenda kumwambia Mama Eksirei. Muulize. Nilikuwa nimechelewa, zilishasambaa, lakini nilikwenda."

Nimemuuliza Mama Eksirei. Ni kweli. Mwaka mzima nimemtukana mtu bure, tena kwa sauti. Sijui nitafanya nini na hilo.

Basi yeye alisoma chuo kile kile cha Betri, akaacha. Akaniuliza, "Anaweza kufunga picha yoyote tutakayompa?" Nikasema ndiyo, maana zahanati itafunga ya kila mgonjwa, hata mwizi anaweza kwenda kupigwa.

"Basi mpe hii." Akatengeneza picha nyeusi tupu. Haina kitu. Giza.

Nikacheka mpaka nikakohoa, maana huo ni ujanja wangu. Ukitaka kufungua kitasa ambacho huna ufunguo wake, unachukua ufunguo usiochongwa, unaupaka masizi, unauingiza na kuuzungusha. Kitasa chenyewe kinakuchorea alama. Picha nyeusi ni hivyo hivyo. Betri aliifunga, na kwa kuwa chini hapakuwa na kitu, kilichobaki juu kilikuwa rangi ya ufunguo peke yake. Halafu tukampa picha nyingine chache zenye alama, tukaona kila nukta imehamia wapi. Mwisho tukachukua picha aliyokuwa ameifunga wiki iliyopita, Fundi Simu akaibandua ile rangi, akarudisha nukta kwao, na nikaona jiliwa langu juu ya meza, limetulia kabisa.

Betri hakulia. Alisema, "Kila picha inapata watoto wale wale." Akageuza kiti, akaanza kuandika.

Binti yangu tulipomwambia alisema, "Si nilijua," akaendelea kusahihisha madaftari.

Nimeshinda. Chakula hakikupita.

Tarehe 24 Machi

Dawa imepatikana. Sasa kila picha kabla ya kufungwa inapigiwa kura, yaani kompyuta inaokota namba ya bahati, inaichanganya na mama, ndipo watoto wanazaliwa wapya. Picha mbili hazina watoto sawa hata ukifunga ile ile mara mbili. Fundi Simu amekuja na picha zake nyeusi, amepata masizi matupu.

Ananywa chai kwetu siku hizi. Anaweka sukari kama anachimba kisima.

Tarehe 29 Machi

Mto umejaa. Daraja halionekani.

Tarehe 1 Aprili

Binti yangu amerudi shuleni na vumbi la chaki kwenye mkono wa kushoto. Yeye si wa kushoto. Nilimtazama wakati akinawa, hakuinua mkono wa kulia kupita bega. Aliona nikiona. Akasema, "Nalazwa vibaya na huo mto wako wa chuma, Baba." Mto wangu wa kulalia ni wa pamba.

Tarehe 6 Aprili

Siku mbaya. Nitaandika polepole.

Betri alisema kufuli liko tayari, lakini kabla ya jaribio la mwisho tufanye la nyumbani. Akataka picha. Nikasema tumia yangu, ile niliyopigwa juzi ya kitambulisho, uso mzima, nywele nyeupe. Akanipa kiti.

"Weka ufunguo mama mwenyewe, Babu. Namba yoyote kati ya sifuri na moja. Iwe ndefu, yenye tarakimu nyingi."

"Robo tatu," nikasema.

"Ndefu, Babu."

"Kitasa changu cha kwanza kilikuwa cha inchi robo tatu. Kufuli la ghala la mahindi, robo tatu. Nimechonga robo tatu kabla mama yako hajaota meno. Namba ndefu nitaisahau, hiyo sitaisahau."

"Babu, kichwa chako kigumu."

"Kufuli lisilokubali ufunguo wa mwenye mali ni kufuli bovu. Andika."

Akaandika sifuri nukta saba tano. Binti yangu alikuwa amesimama nyuma yetu na birika. Betri akabonyeza.

Nilitokea mimi. Nimekaa palepale, pua palepale, masikio yote mawili. Nilikuwa kama kwenye zile filamu za picha za zamani ukizishika kwenye mwanga: uso uliokuwa mweusi umekuwa mweupe, na nywele nyeupe zimekuwa nyeusi tii.

"Angalau umenirudishia nywele," nikasema.

Binti yangu akaweka birika chini pole pole.

"Hilo ndilo kufuli?" akauliza.

"Mama, subiri."

"Huyu ni baba yangu. Namwona hadi kovu la kidevuni. Na mimi mngeniona hivyo."

Akaingia chumbani. Hakuubamiza mlango, na mimi ningependelea aubamize.

Betri alikaa akitazama ile picha. Baadaye akachukua karatasi, akaniandikia. Robo tatu. Kilichobaki kufika moja ni robo. Zidisha, halafu zidisha kwa nne. Jibu, robo tatu. Fanya tena, robo tatu. Haitoki. Vurugu zote duniani, na hapo katikati pana mahali pamoja namba inasimama kama mlingoti. Kila mtoto aliyezaliwa alikuwa ndiye yule yule mama. Hakuna nukta iliyohama, na zote zilipakwa rangi moja. Ile kura nayo haikusaidia, maana jinsi alivyoichanganya na mama, ilikuwa inaamua tu kuanzia hatua ya ngapi, na ukianza hatua yoyote unakuta robo tatu.

"Nilijua pana mahali kama hapo," akasema. "Na nusu vile vile, inakufa kabisa, inakuwa sifuri. Mwalimu alitufundisha. Nikasema kati ya mamilioni ya mamilioni ya namba, nani atakwenda kukanyaga hapo?"

Aliyekanyaga alikuwa amekaa karibu yake.

Tarehe 7 Aprili

Sijasema na mtu.

Tarehe 8 Aprili

Leo pia.

Tarehe 9 Aprili

Mvua imetoboa bati juu ya meza. Nimehamisha kompyuta ya mjukuu wangu kabla sijahamisha tupa zangu. Naandika ili ijulikane.

Tarehe 10 Aprili

Fundi Simu alikuja asubuhi. Alimkuta Betri ameweka kitu kipya: orodha ya namba zilizokatazwa. Ukiandika robo tatu, kompyuta inakukatalia.

"Umemfungia mzee nje," akasema.

"Nimeziba shimo."

"Umeziba moja. Namba zinazopitia robo tatu hatua ya pili, ya tatu? Utaziandika zote?"

Mimi nilikuwa na tupa mkononi, nakwangua kitu kisichohitaji kukwanguliwa. Nikasema, "Na mimi nitarudi tena na robo tatu. Kesho na keshokutwa."

"Babu, kwa nini?"

"Kwa sababu ndiyo namba yangu. Na muuguzi atakuja na mwaka wake wa kuzaliwa, na Mama Eksirei atakuja na nusu kwa kuwa amechoka na foleni ni ndefu. Utatukataza wote? Sisi hatubadiliki, mjukuu wangu. Mimi nimejaribu kwa siku tatu, hapa, kimya. Nimeshindwa."

Alivuta kompyuta karibu. Halafu akasema, kama anajisemea, "Basi tusimwache mama azae vile alivyokuja."

Sikuelewa hapo hapo. Alichofanya ni hiki. Kinu. Namba yoyote utakayoleta, hata sifuri, inasagwa kwanza pamoja na ile kura ya picha, inasagwa mpaka haijulikani ilikuwa nini, na unga huo ndio unaotoa namba ya kuanzia. Kila mtoto anatoka kwenye kinu peke yake, na unga haurudi kuwa nafaka, kwa hiyo mtoto akikamatwa hana la kusema juu ya mama. Na njiani, namba inayoonekana kusimama au kurudia njia yake inasagwa tena.

Tuliweka robo tatu. Nikawa mchanga. Sikuwahi kujiona vizuri kama leo.

Tarehe 11 Aprili

Fundi Simu ametia kasoro nyingine. "Hata ukisaga, mimi namjua mzee huyu. Nitachukua robo tatu na mimi nisage kwenye kinu kile kile. Kinu si siri."

Kwa hiyo Betri ameamua mtu asichague mama kabisa. Kompyuta itaokota yenyewe, namba ndefu kama treni.

Kwa ufupi, mimi nimefukuzwa kazi na mjukuu wangu kwa sababu natabirika. Nilikasirika mpaka chakula cha mchana. Baadaye nilimsikia akimwambia mama yake kupitia mlango, "Babu ndiye aliyeonyesha shimo. Tungelipeleka kufuli hivyo zahanati." Ndani kitanda cha mama yake kililia, maana yake alikuwa amekaa.

Tarehe 14 Aprili

Maji yamepungua kidogo. Mama Eksirei amevuka kwa miguu, viatu mkononi, kumpelekea daktari ule ufunguo mama mkono kwa mkono. Picha zitapita hewani, ila mama hapiti hewani. Jioni, akiwa ameshavuka kurudi, daraja likafunikwa tena. Amerudi na tope hadi magotini akasema, "Msiniombe tena." Nimemchongea ufunguo mpya wa nyumba yake bila malipo. Si wa robo tatu.

Tarehe 15 Aprili

Jaribio la mwisho limeanza. Masharti ameweka binti yangu mwenyewe, akiwa kwenye kizingiti, hakuingia. Betri amefunga picha mbili. Moja ni uso wangu, nyingine hatujui ni nini. Ya uso wangu tumepewa pia ikiwa wazi, na funguo watoto wake wote. Tumeelezwa kinu kinasagaje. Kila kitu tumepewa isipokuwa mama. Tuifungue ya pili.

"Mkiweza hata kusema ni mtu au ni mti," akasema, "siendi."

Tarehe 16 Aprili

Picha nyeusi. Hakuna.

Tarehe 17 Aprili

Tumepaka masizi kila mahali. Hakuna. Fundi Simu amesahau kuweka sukari.

Tarehe 19 Aprili

Leo tulidhani tumeipata. Fundi Simu aliona kipande cha juu kimekolea kidogo kuliko cha chini, akaruka, mimi nikaruka, goti likanikumbusha umri. Nilisema moyoni, mzee, huu ndio ushindi usioutaka, na bado nikamwambia, "Endelea." Ilikuwa kioo cha kompyuta, kina doa la chai.

Tarehe 20 Aprili

Tumejaribu kumrudisha mtoto kwa mama. Unga ni unga.

Tarehe 22 Aprili

Fundi Simu amesema, "Mzee, mimi nimefika mwisho wa nilichonacho."

Nikamwambia mimi bado. Nimekaa na ile picha peke yangu, nimeitazama kwa miwani na bila miwani, kwa karibu na kwa mbali, nikaigeuza. Mchanga. Mchanga uliochekechwa, hauna mahali pa kushika. Kufuli lolote nililowahi kulifungua lilikuwa na mahali linapolegea, unaligusa unasikia. Hili halisemi kitu.

Tarehe 23 Aprili

Binti yangu alikuwa mezani, anasahihisha kwa mkono wa kushoto. Nilivuta kiti nikakaa mbele yake.

"Nimeshindwa," nikasema.

Hakuinua macho. "Sema tena."

"Nimeshindwa. Sijui ni mtu, sijui ni mti. Nimetumia kila nilichonacho na kila alichonacho yule kijana, na niliapa kukuambia ukweli hata kama ungekuwa mbaya kwako. Hakuna kufuli lililonishinda. Hili limenishinda."

Hapo akanitazama. Alinitazama vile anavyowatazama watoto wanaosema mbwa alikula daftari. Mimi sikupepesa, wala sikutabasamu. Machozi yalinitoka, lakini hayo yalijitokea yenyewe.

"Kweli umeshindwa, Baba."

"Kama kuku mbele ya mlango wa chuma."

Akaanza kucheka. Alicheka akiushika ule mkono wa kulia, akisema inauma, inauma, na bado anacheka. Sijamsikia hivyo tangu mvua zianze. Betri akaja mbio kutoka meza ya kazi.

"Mwonyeshe ile ya pili," binti yangu akasema.

Betri akaifungua. Alikuwa marehemu mke wangu, mlangoni pa nyumba hii hii, ameshika ufunguo niliomchongea wiki ile tuliyohamia. Siku zote hizo nilikuwa namtazama nisimwone.

"Niliichagua mimi," binti yangu akasema. "Nilijua kama kuna njia ya kumwona, ungeipata."

Tarehe 24 Aprili

Amepigwa picha. Mama Eksirei alifunga mlango, akatundika koti lake kwenye kidirisha. Mimi nilikaa nje kwenye benchi, mgongo ukiwa umeelekea mlangoni. Betri alibonyeza yeye mwenyewe. Mchanga ukaruka mto.

Tarehe 25 Aprili

Mvua. Tunasubiri.

Tarehe 26 Aprili

Tunasubiri.

Tarehe 27 Aprili

Daktari amejibu. Uvimbe si mzuri lakini ni mdogo, na haujasogea. "Mmewahi," ndivyo alivyoandika. Utatolewa maji yakishuka. Nimesoma neno hilo mara nyingi. Ni herufi saba, nimezigonga kwenye kipande cha shaba na kukitundika juu ya meza.

Nimekwenda kibandani kwa Fundi Simu. Nikasimama nje, barabarani, pale pale nilipokuwa nikisimama kumtukana, nikamwita fundi kwa sauti ile ile. Watu waligeuka. Akasema, "Ingia basi, Mzee, utalowa."

Tarehe 11 Mei

Daraja limeonekana. Binti yangu na Betri wamevuka.

Tarehe 29 Mei

Binti yangu amerudi juzi, uvimbe umetolewa. Amekonda na amekuwa mkali zaidi, dalili nzuri. Leo ameandika jina lake kwa mkono wa kulia, juu ya bati la mlango wangu, kwa chaki, mpaka pale juu kabisa ambapo mimi sifiki. Kasema bado panavuta, lakini mkono unafika.

Betri amefaulu. Kazi yake imewekwa zahanati, na wiki hii mshona nguo amefungua dirisha lake na kuuliza kama foleni ni ndefu. Ndani ya karatasi za Betri kuna ukurasa unaosema kwa nini mtu asiachwe achague ufunguo mwenyewe. Mfano uliowekwa hapo ni robo tatu. Jina langu halipo, lakini anayejua anajua.

Nitafunga daftari hapa, mvua zimekwisha na wino pia. Kama kuna atakayesema nimetia chumvi, amuulize Mama Eksirei aliyevuka mto viatu mkononi. Amuulize Fundi Simu, ambaye si mwizi. Amuulize Betri, ila avumilie maelezo marefu. Na kama haamini kwamba nilishindwa, kweli kabisa, bila kujifanya, amuulize binti yangu. Yupo. Yuko darasani, anaandika ubaoni.